Kasindi: Damu haingojei ambilansi, shule zijifunze kuizuia

Mjini Kasindi, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, kuna tarehe mbili za mwaka 2023 ambazo wakaaji hawahitaji kalenda kuzikumbuka.

Ya kwanza ni Jumapili tarehe 15 Januari. Waumini wa kanisa la kipentekoste la 8e CEPAC walikuwa wamekusanyika kwa ibada ya ubatizo pale bomu la kujitengenezea lilipolipuka katikati yao. Watu zaidi ya 10 walikufa na makumi ya wengine wakajeruhiwa. Jeshi la Kongo liliwanyoshea kidole waasi wa ADF, na kundi linalojiita Dola la Kiislamu likajitangaza kuwa ndilo lililofanya kitendo hicho.

Ya pili ni Ijumaa tarehe 16 Juni. Safari hii ilikuwa ng'ambo ya mto, chini ya kilomita 2 kutoka mpakani, katika shule ya sekondari ya Mpondwe-Lhubiriha upande wa Uganda. Washambuliaji waliingia usiku, wanafunzi wakiwa mabwenini. Bweni la wavulana lilichomwa moto, wasichana wakakatwa kwa mapanga. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Siku hiyo hiyo bara zima lilikuwa limeadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika.

Misiba ya namna hii ina jambo moja linalofanana. Mtu wa kwanza kumfikia majeruhi si mganga. Ni jirani, ni mwalimu, ni mlinzi wa shule, au ni mwanafunzi aliyekuwa ameketi naye benchi moja. Mtu huyo akijua la kufanya, majeruhi anaweza kufika hospitali akiwa hai. Asipojua, mara nyingi anabaki kupiga kelele za kuomba msaada huku damu ikimwagika mbele ya macho yake.

Ndiyo sababu, katika nchi mbalimbali duniani, kuzuia damu nyingi kumeanza kufundishwa shuleni, kwa walimu na kwa wanafunzi. Na kama kuna mahali ambapo somo hilo lina maana, ni kwenye barabara hii inayotoka Beni hadi Lubiriha.

Dakika tano

Mtu mzima ana damu ya karibu litre 5 mwilini. Mtoto wa kilo 25, yaani mwanafunzi wa shule ya msingi, hana hata litre 2. Ukizimimina katika chupa ndogo za maji za nusu litre, hazijazi chupa nne.

Mshipa mkubwa wa paja au wa mkono ukikatwa, majeruhi anaweza kufa ndani ya dakika tano, na wakati mwingine chini ya hapo. Muda huo hautoshi kumtafuta mwenye pikipiki, kupiga simu kituo cha afya na kungoja jibu. Hata katika miji mikubwa ya Ulaya, ambilansi nyingi hazifiki ndani ya dakika tano.

Kuna sababu nyingine inayofanya kila tone liwe na thamani katika wilaya ya Beni. Damu iliyomwagika ni ngumu kuirudisha. Hospitali za vijijini huwa na akiba ndogo ya damu, na mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndio wanaoombwa kutoa yao, baada ya kupimwa. Kuizuia damu isitoke ni rahisi kuliko kuitafuta usiku.

Na si vita peke yake vinavyomwaga damu. Kasindi ni mlango wa bidhaa zinazotoka bandari ya Mombasa. Malori makubwa yanapita siku nzima, pikipiki zinajipenyeza katikati yake, na watoto wanatembea kando ya barabara hiyo hiyo kwenda masomoni. Katika mashamba ya kakao ya Rwenzori, kuelekea Mutwanga, panga ni chombo cha kila siku, hata mikononi mwa vijana. Kioo cha dirisha kilichovunjika, bati la paa lililong'oka, jembe lililoteleza: vyote hivyo vinaweza kukata mshipa bila kuwepo mwasi hata mmoja.

Mambo matatu ya kufanya kwa mikono

Mafunzo ya msingi hayahitaji diploma. Mtu anajifunza kwanza kutambua damu ya hatari: ile inayoruka kwa mapigo, inayofanya dimbwi chini, inayolowesha nguo haraka na kuendelea kutoka. Majeruhi akianza kuchanganyikiwa, kulegea au kupoteza fahamu, hiyo pia ni dalili kwamba damu iliyotoka ni nyingi. Mkwaruzo na kidonda kidogo vinaweza kungoja. Damu ya namna hii haiwezi.

Kisha yanafuata mambo matatu.

La kwanza ni kukandamiza. Majeruhi analazwa chini, mahali pagumu, si juu ya godoro. Kitambaa safi kinawekwa juu ya jeraha, kisha mikono yote miwili inakandamiza kwa nguvu, viwiko vikiwa vimenyooka na uzito wa mwili wote ukishuka juu ya jeraha. Kosa linalofanywa sana ni kuinua kitambaa kila mara ili kutazama kama damu imesimama. Kila kikiinuliwa, damu iliyoanza kuganda inabanduka na kazi inaanza upya. Kitambaa kikilowa, kingine kinaongezwa juu yake na mikono inaendelea kukandamiza.

La pili ni kuziba jeraha lenye shimo. Kuna sehemu ambazo haziwezi kufungwa: shingo, kwapa, bega, kinena. Risasi au kipande cha bomu kikiingia hapo, damu inatoka ndani sana. Kitambaa, au kompresi kama ipo, kinasukumwa kwa kidole ndani ya jeraha mpaka lijae, halafu mtu anakandamiza juu yake kama kawaida. Ni jambo la kutisha kulifanya kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana linahitaji mazoezi. Lakini kuna sheria: kitambaa hakisukumwi ndani ya kifua wala ndani ya tumbo. Majeruhi wa sehemu hizo anahitaji kufika mbele ya mpasuaji haraka iwezekanavyo.

La tatu ni kifungo kinachobana mkono au mguu, ambacho waganga wa Kongo wanakiita garo. Kinafungwa juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, kama sentimita 5 hadi 8 kutoka pale lilipo, na kamwe si juu ya goti au kiwiko. Kinakazwa mpaka damu isimame kabisa. Majeruhi atalia kwa maumivu, na hiyo haimaanishi kwamba kimefungwa vibaya. Garo iliyolegea ni hatari zaidi: inazuia damu kurudi moyoni lakini haizuii ile inayotoka, na jeraha linazidi kumwaga.

Kama hakuna garo ya kiwandani, inawezekana kujaribu kuitengeneza. Kipande cha kikwembe chenye upana wa sentimita 4 hadi 5 kinazungushwa kwenye mguu na kufungwa, kijiti kigumu kinawekwa juu ya fundo, kitambaa kinafungwa tena juu yake, kisha kijiti kinazungushwa mpaka damu isimame, na mwisho kinafungwa ili kisirudi nyuma. Bila kijiti, nguvu ya mikono peke yake mara nyingi haitoshi. Waya na kamba nyembamba havifai, kwa sababu vinakata nyama bila kubana mshipa. Garo hii ya nyumbani inashindwa mara nyingi kuliko ile ya kiwandani, kwa hiyo mwenzake mwingine anaendelea kukandamiza jeraha wakati inatengenezwa.

Kuna pia mambo ya kuacha. Panga, kipande cha chuma au kioo kilichobaki ndani ya mwili hakichomolewi, kinakandamizwa pembeni. Majani, udongo, kahawa, chumvi au mafuta ya taa havipakwi kwenye jeraha. Havizuii damu ya mshipa mkubwa, na udongo unaweza kuleta pepopunda. Majeruhi hapewi chakula wala kinywaji, kwa maana huenda atapasuliwa. Na hata katika joto la Kasindi anafunikwa, kwa sababu mwili uliopoteza damu unapoa, na damu iliyopoa inaganda kwa shida.

Kwa nini garo imerudi

Wauguzi wengi wa zamani walifundishwa kuiogopa garo. Waliambiwa kwamba mguu uliofungwa ni mguu uliopotea, na kwamba kifungo kilegezwe kila baada ya dakika chache ili damu ipite. Leo mafundisho yamebadilika.

Mabadiliko hayo yalitoka vitani. Mwaka 2006 madaktari wa jeshi la Marekani waliokuwa Baghdad, Iraki, walifuatilia majeruhi waliofungwa garo. Wale waliofungwa mapema, kabla mwili haujaanza kuzimika kwa kukosa damu, 90 kwa 100 waliokoka. Wale waliofungwa baada ya hapo, walioishi walikuwa 10 tu kwa 100. Madaktari hao hawakuona mguu au mkono uliokatwa kwa sababu ya garo peke yake. Jambo lililoua lilikuwa kuchelewa.

Kwa hiyo kanuni ya leo ni hii: garo ikifungwa, haifunguliwi njiani. Saa iliyofungwa inaandikwa kwa kalamu mahali panapoonekana, juu ya garo yenyewe au kwenye paji la uso la majeruhi. Mganga ndiye atakayeifungua.

Hapo ndipo jiografia ya Kasindi inapoingia. Kwa kawaida mguu unavumilia garo kwa muda wa saa 2 bila madhara makubwa. Baada ya hapo hatari inaongezeka. Hospitali kubwa ya eneo la afya iko Mutwanga. Beni iko karibu kilomita 80, kwenye barabara ya taifa namba 4, ambayo imeshuhudia magari yakichomwa na wasafiri kuuawa, na ambapo kwa vipindi magari yamelazimika kwenda kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Bwera iko karibu, lakini kati yake na Kasindi kuna mto na mpaka wa nchi.

Katika mazingira hayo, saa iliyoandikwa kwenye paji la uso ni habari ambayo mganga anaihitaji kuliko maelezo yoyote. Inamwambia ni nani apasuliwe kwanza.

"Usiguse damu": fundisho la Ebola

Kuna kizuizi kimoja ambacho walimu wa Texas hawakukutana nacho, lakini kila mwalimu wa Beni na Butembo anakijua.

Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini. Mwezi Juni 2019 ugonjwa ulivuka mpaka upande huu wa Kasindi, na mtoto wa miaka 5 akafariki Bwera. Kwa miaka miwili watoto wa eneo hili walisikia sentensi moja redioni, kanisani, sokoni na masomoni: usiguse damu ya mtu. Ugonjwa huo umerudi tena mara kadhaa katika eneo la Beni na Butembo tangu wakati huo.

Mtoto aliyekua na fundisho hilo hawezi kuambiwa ghafla atie mikono ndani ya jeraha la mwenzake. Fundisho la Ebola halikuwa la uongo, na halipaswi kufutwa. Linapaswa kuunganishwa na hili jipya.

Njia ipo. Glavu ziwe kitu cha kwanza ndani ya mfuko wa shule. Zikikosekana, mikono inavishwa mifuko ya plastiki isiyotoboka. Majeruhi mwenyewe, kama ana fahamu, anaweza kuambiwa akandamize jeraha lake kwa mkono wake, na hapo hakuna anayegusa damu ya mwingine. Mtu mwenye kidonda mkononi anamwachia mwenzake kazi hiyo. Baada ya yote, mikono inanawiwa kwa sabuni na maji mengi, na nguo zilizolowa damu zinawekwa kando zisichezewe na watoto. Ndoo zenye bomba zilizowekwa kwenye milango ya madarasa wakati wa Ebola bado zina kazi.

Na wakati mlipuko umetangazwa, maagizo ya eneo la afya ndiyo yanayofuatwa kwanza.

Shule nyingine zimefanya nini

Kampeni inayojulikana zaidi ilianzia Marekani, nayo pia ilizaliwa na msiba wa shule. Tarehe 14 Desemba 2012, mtu mwenye silaha aliua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Mwaka uliofuata, kundi la wapasuaji na wakuu wa vyombo vya usalama walikutana katika mji wa Hartford, jimbo hilo hilo, na kujiuliza kwa nini watu wanakufa kwa majeraha ambayo mikono ya mtu wa kawaida ingeweza kuyazuia. Mwezi Oktoba 2015 Ikulu ya Marekani ilizindua kampeni inayoitwa Stop the Bleed. Tangu hapo mamilioni ya watu wamepita katika mafunzo yake, ambayo huchukua kama saa moja na nusu.

Jimbo la Texas lilikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 2019 inazitaka shule za serikali ziwe na vifaa vya kuzuia damu mahali panapofikika haraka, na zitoe mafunzo kwa wafanyakazi, na kila mwaka kwa wanafunzi kuanzia darasa la 7. Nchini Ukraine, ambako vita vimefika hadi madarasani, wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari wanajifunza huduma ya kwanza ya kuokoa maisha, pamoja na kufunga garo, ndani ya somo la ulinzi wa nchi.

Mfano ulio karibu zaidi ni Kampala. Mwaka 2008 watafiti waliwafundisha watu zaidi ya 300 wasio waganga: polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa. Walichaguliwa kwa sababu ndio wanaofika wa kwanza kwenye ajali. Walipoulizwa miezi kadhaa baadaye, kuzuia damu lilikuwa kati ya mambo waliyoyatumia zaidi, na gharama ya kumfundisha kila mtu ilikuwa ndogo. Kwa Kasindi, mfano huo unaonyesha kwamba mlinzi wa shule na kijana wa pikipiki anayepaki mbele ya geti wana nafasi yao katika mafunzo, pamoja na prefe na walimu.

Lakini mfano wa nje hauwezi kubebwa mzima mzima. Garo moja ya kiwandani inauzwa karibu dola 30 huko Marekani. Kwa shule ambayo wazazi bado wanachangia chaki, hizo ni pesa nyingi. Na tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi ya Kongo yamejaa kupita kiasi. Mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi hivyo hawezi kumsimamia kila mmoja akifunga kitambaa.

Ndiyo maana mafunzo yanaweza kuanza na wachache: walimu wote, mlinzi, na wanafunzi wawili au watatu wa kila darasa kubwa. Hao ndio wanaowafundisha wengine. Msalaba Mwekundu wa Kongo una watu wa kujitolea waliozoea kufundisha huduma ya kwanza na kubeba majeruhi, na wauguzi wa vituo vya afya wako jirani na shule nyingi. Somo la elimu ya maisha, ambalo tayari liko kwenye programu ya sekondari, linaweza kulipokea bila kuongeza saa mpya kwenye ratiba.

Vifaa vya mazoezi havihitaji dola. Kipande cha godoro lililochakaa, kilichotobolewa shimo, kinafaa kwa kujifunza kuziba jeraha. Chupa ya plastiki yenye maji ya rangi nyekundu, iliyotobolewa na kufungwa ndani ya nguo kuukuu, inaonyesha mtoto mara moja tofauti kati ya kukandamiza kwa vidole na kukandamiza kwa uzito wa mwili. Na lugha iwe ile inayomtoka mtu akishtuka. Kwa Kasindi, hiyo ni Kinande na Kiswahili kabla ya Kifaransa.

Mtoto afundishwe nini

Wazazi wengine wanaweza kuuliza: je, watoto hawa hawajaona vya kutosha? Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yamepita vizazi vizima vya darasa la kwanza. Kuna wanafunzi wanaoketi darasani wakiwa wamemzika mzazi.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika namna ya kufundisha. Mafunzo mazuri hayaonyeshi picha za maiti, hayaigizi milio ya risasi, na hayamlazimishi mtoto kusimulia aliyoyaona. Mtoto anayetaka kutoka nje anaruhusiwa kutoka. Mifano inatoka kwenye maisha ya kawaida: panga shambani, pikipiki barabarani, kioo cha dirisha. Ufundi ni ule ule, hofu inapungua.

Umri nao una maana. Mtoto wa darasa la pili anaweza kujifunza mambo mawili: kukimbia kumwita mtu mzima, na kukandamiza jeraha lake mwenyewe. Wa darasa la 7 na la 8 la elimu ya msingi, na wa humanités, wana nguvu ya kutosha kukandamiza jeraha la mtu mwingine na kufunga garo. Garo hiyo inafanya kazi pia kwa mtoto mwenye umri wa kwenda shule. Kwa mtoto mdogo sana, ambaye mkono wake ni mwembamba, kukandamiza ndiyo njia ya kwanza.

Zaidi ya yote, sheria moja inatangulia nyingine zote: kuzuia damu kunaanza pale hatari inapokwisha. Wakati risasi zinalia, kazi ya mwalimu na ya mwanafunzi ni kukimbia au kujificha. Baada ya mlipuko, watu hawajikusanyi mahali pale pale kutazama, kwa sababu linaweza kuwepo bomu la pili. Somo la kuzuia damu halimgeuzi mtoto kuwa askari wala mganga, na hakuna mtoto anayepaswa kujiona mwenye hatia kwa sababu hakuweza kumwokoa mwenzake. Kuna majeraha ambayo hata mpasuaji hodari hayawezi. Hilo nalo linafundishwa, na linafundishwa mapema.

Mfuko bila kufuli

Shule ikiamua kuanza, orodha yake si ndefu: glavu, vitambaa safi vilivyokatwa tayari na kufungwa ndani ya plastiki ili vumbi lisiingie, kompresi kama kituo cha afya kinaweza kutoa, bende, vijiti viwili vigumu vya garo ya nyumbani, mkasi wa kukata nguo, kalamu ya kuandika saa, blanketi jepesi, na karatasi yenye namba za simu za kituo cha afya na za vijana wa pikipiki wanaokubali kubeba majeruhi. Pesa zikipatikana, garo moja au mbili za kweli. Chama cha wazazi kinaweza kukusanya vitambaa kwa siku moja.

Mahali pa kuuweka ndipo panapoharibu mambo. Boksi la dawa lililofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa mfukoni mwa direkta aliyekwenda mkutanoni Beni, halimsaidii mtu. Mfuko wa kuzuia damu unatundikwa ukutani, mahali ambapo kila mwanafunzi anapaona, na hauna kufuli. Kuna hofu kwamba vitu vitaibiwa. Vitambaa vikiibiwa, vinarudishwa kwa vingine.

Hakuna kati ya haya kinachoweza kuchukua nafasi ya usalama. Mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, majeshi ya Kongo na Uganda yanaendesha operesheni ya pamoja dhidi ya ADF tangu Novemba mwaka huo huo, na tarehe zote mbili za Kasindi na Mpondwe zilikuja baada ya hapo. Kulinda shule ni wajibu wa serikali, kama vile kuweka ambilansi na damu hospitalini. Mwalimu anayejifunza kufunga garo hajaisamehe serikali deni hilo. Anajaza tu zile dakika tano ambazo, hata katika nchi yenye amani, hakuna mwingine wa kuzijaza.

Na kuna jaribio ambalo shule yoyote, kutoka Lubiriha hadi Butembo, inaweza kulifanya kesho asubuhi bila franka hata moja. Mwalimu anasimama mbele ya darasa na kuuliza: mwenzenu akianza kumwaga damu sasa hivi, nani anakandamiza, nani anakimbia kumwita mkubwa, na kitambaa kiko wapi? Kisha anatazama saa yake na kuhesabu muda unaopita kabla jibu halijapatikana.